Rangi Isiyotoka Mkebeni

Waheshimiwa walimu, wazazi mliofuatana na watoto wenu, mafundi wa mawe mliotoka Tabaka kule Kisii na visiwani, na nyinyi vijana mliokalia sakafu kwa sababu viti vimechukuliwa na wakubwa: hamjambo?

Juu ya meza hii nimeweka vitu vichache ambavyo naomba mvitazame kabla sijasema neno. Kuna bonge la udongo mwekundu kutoka milima ya Samia. Kuna mfuko wa chokaa kutoka Koru. Kuna mayai mawili ya kuku wa kienyeji, chupa ya maziwa mala, mbegu za parachichi zilizokaushwa, kipande cha shabu, ile chumvi ya kusafishia maji, nilichonunua jana sokoni Kibuye, na kibati cha masizi niliyoyakwangua chini ya sufuria ya mama mkwe wangu kwa ruhusa yake mwenyewe. Mkebe wa rangi haumo. Kijana aliyenisaidia kubeba kikapu aliniuliza kama nimekuja Kisumu kuhutubia au kupika, nami nikamjibu kwamba katika kazi hii mambo hayo mawili ni majirani wa karibu sana.

Nimeombwa nizungumzie malighafi zisizo za kawaida katika kutengeneza rangi na kazi za sanaa. Ninashukuru kwa mwaliko, ingawa maneno hayo, "zisizo za kawaida", yamenisumbua tangu nilipoyasoma. Kilicho kigeni katika historia ndefu ya uchoraji ni mkebe, wala si udongo. Mrija wa bati wa kutilia rangi ya mafuta ulisajiliwa mwaka 1841 na mchoraji wa Marekani, John Goffe Rand. Kabla yake wachoraji wa Ulaya walihifadhi rangi katika vibofu vya nguruwe, na kibofu kikishatobolewa hakikuzibika tena sawasawa. Na kabla ya vibofu hivyo, kwa maelfu ya miaka, aliyetaka rangi aliichimba, aliichoma, aliisaga au aliichemsha kwa mikono yake, au alimjua jirani aliyefanya hivyo.

Nataka tuanze na lugha yenyewe, kwa sababu Kiswahili kimehifadhi jambo ambalo sisi walimu wa sanaa tunalipita bila kuliona. Hesabuni majina ya rangi. Manjano ni kiungo cha pilau. Kijivu kimetoka kwenye jivu, kijani kwenye jani, kahawia kwenye kahawa, na zambarau ni tunda linalochafua sare za shule kila msimu. Tuna rangi ya maji ya kunde, tuna damu ya mzee. Majina haya yote ni ya vitu. Sasa tazameni vivumishi vinavyobadilika kufuata ngeli, vile ambavyo ni vya rangi na si vya kitu kingine: ukuta mweupe, ng'ombe mweusi, udongo mwekundu. Ni vitatu tu. Nyinginezo zote lazima tuseme ukuta wa manjano, nguo ya kijani, kana kwamba rangi hiyo imeazimwa kutoka kwa mwenyewe na siku moja itarudishwa. Sidai kwamba lugha ilipangwa na wachoraji. Lakini miaka mingi ya kusaga na kuchemsha imenionyesha kwamba nyeupe, nyeusi na nyekundu ndizo rangi ambazo nchi hii inazitoa bure na ambazo zikishawekwa ukutani hazitoki kwa urahisi, ilhali nyingi ya zile za kuazima hukimbia.

Kwa wale wanaoanza, rangi ya kupaka ina sehemu tatu. Ya kwanza ni unga wenye rangi. Ya pili ni kishikizi, yaani gundi inayoukamata unga huo na kuubandika ukutani, kwenye karatasi au kwenye ngozi. Ya tatu ni kimiminika kinachoufanya mchanganyiko uwe mwepesi wa kupakika na kisha kujiendea zake hewani. Mwanafunzi anayekoroga udongo na maji, akapaka, kisha akashangaa kuona unga unapukutika, amesahau sehemu ya pili. Kupata rangi ni rahisi mno. Iko barabarani, iko jikoni, iko kwenye viatu vyenu sasa hivi. Kuifanya ikae ndiyo kazi, na sehemu kubwa ya mazungumzo yangu itahusu huko kukaa.

Tuanze na nyekundu. Bonge hili nimelitoa Samia, Busia, na wazee wa huko hawatashangaa, kwa maana Abasamia walikuwa wahunzi mashuhuri ambao majembe yao yalifika mbali na kwao. Milima iliyotoa majembe ndiyo hiyo inayotoa rangi, na sababu ni moja: chuma. Wekundu wa udongo ni oksidi ya chuma, au kwa neno la nyumbani, ni kutu. Hapo ndipo ilipo siri ya kudumu kwake. Vitu vingi huchakaa kwa kuunguzwa polepole na hewa na jua, lakini kutu tayari imeshaungua. Hewa haina la kuifanyia zaidi. Mkipata udongo wa njano badala ya mwekundu, msiutupe. Ndani yake chuma kimeshikana na maji, na ukiuweka kwenye bati juu ya jiko la makaa hadi upate joto la nyuzi 300 hivi, maji hayo hutoka na udongo hugeuka mwekundu mbele ya macho yako. Katika masomo yote ya sayansi niliyowahi kuyaona yakifundishwa, sijui lingine linalowanyamazisha watoto wa darasa la tano kwa kasi ile.

Uchenjuaji wake hauna gharama. Ponda bonge, litie ndooni, koroga na maji mengi, subiri kidogo hadi mchanga uzame, kisha mimina yale maji yenye rangi katika ndoo ya pili bila kusumbua kilicho chini. Acha ya pili itulie usiku kucha. Asubuhi utakuta maji safi juu na tope laini kama uji chini. Mwaga maji, anika tope, saga. Jiwe la kusagia wimbi, lile ambalo katika nyumba nyingi siku hizi limegeuka kizuizi cha mlango, linafanya kazi hii vizuri kuliko mashine yoyote niliyowahi kununua.

Kazi hiyo ni ya zamani kupita kiasi. Kaskazini ya Nakuru, katika Bonde la Kapthurin huko Baringo, wachimbaji wa mambo ya kale walipata zaidi ya vipande 70 vya udongo mwekundu pamoja na mawe ya kusagia, katika tabaka lenye umri wa zaidi ya miaka 280,000. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, kulipatikana magamba mawili ya konokono wa baharini yaliyotumiwa kama vibakuli miaka 100,000 iliyopita, na ndani yake mabaki ya mchanganyiko wa udongo mwekundu, makaa na mifupa iliyopondwa. Hicho ni kichocheo cha rangi, kimeandikwa na mtu ambaye hakujua kuandika. Na kusini ya Ziwa Naivasha kuna Olkaria, ambako leo umeme unatoka ardhini kwa mvuke. Jina hilo katika Kimaa ndilo jina la udongo mwekundu ule unaochanganywa na mafuta na kupakwa mwilini. Tunalitaja kila siku katika habari za umeme bila kusikia rangi iliyomo.

Huku kwetu ushahidi uko mwambani. Kakapel, katika milima ya Chelelemuk upande wa Teso, kuna michoro ya maumbo ya kijiometri na ya ng'ombe, na katika kisiwa cha Mfangano, huko Mawanga na Kwitone, kuna miduara ndani ya miduara iliyochorwa kwa nyekundu na nyeupe, ambayo watafiti wanaihusisha na Batwa walioishi humo kabla ya Abasuba na wengine. Nilipopanda Mawanga mara ya kwanza nilitarajia kustaajabia umbo la michoro. Kilichonishika ni kwamba wachoraji wale walikuwa na rangi mbili tu mkononi na hawakuonekana kuhisi upungufu. Walimu mtakaowapeleka watoto huko, nawasihi jambo moja: msiruhusu mtu amwagie michoro maji ili itoke vizuri kwenye picha ya simu, wala asiguse wala asikwangue. Rangi iliyovumilia mvua na joto la karne nyingi inaweza kuharibiwa na darasa moja katika saa moja ya mchana.

Nyeupe tunayo tele. Chokaa ya Koru, hapa hapa katika kaunti ya Kisumu, ni nyeupe na ni kishikizi kwa wakati mmoja, jambo ambalo ni nadra: ikishapakwa ukutani ikiwa mbichi, huvuta hewa ya ukaa kutoka angani na kurudi kuwa jiwe. Ndiyo maana rangi nyingine ikichanganywa ndani yake hufungwa humo humo, ikawa sehemu ya ukuta. Kule Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna mwamba mweupe mwepesi uliojengwa na magamba ya viumbe wadogo mno walioishi ziwani zamani, na viwanda vya rangi hutumia unga wa aina hiyo kupunguza mng'aro. Nyinyi mafundi wa Tabaka mnaujua unga wenu wenyewe, ule unaobaki mnapopiga msasa vinyago vya jiwe la sabuni. Una talki, na talki hutiwa katika rangi za dukani kama kijazio. Usagwe ukiwa umelowa, kwa sababu vumbi lake kavu ni adui wa mapafu. Kuhusu odowa, ule udongo wa kutafuna unaouzwa sokoni, inachora vizuri kabisa kama chaki, ila katika darasa langu huwa haifiki mwisho wa kipindi kwa sababu wanafunzi huila.

Nyeusi ya haraka ni masizi na makaa. Wachina walitengeneza wino wa masizi ya msonobari na gundi ya wanyama kwa karne nyingi, na wino huo uliokauka ukiwa kipande bado unasuguliwa kwa maji hadi leo. Huko India kikundi cha wabunifu kimekusanya masizi ya moshi wa magari na kuyafanya wino wa kuandikia. Nikipita kituo cha mabasi hapa mjini jioni huwa naona kwamba malighafi hiyo hatutaikosa. Lakini nyeusi ninayoipenda zaidi haitoki kwenye moshi. Mafundi wa Mali hutengeneza kitambaa kiitwacho bogolan kwa kuloweka nguo katika maji ya majani yenye tanini, yaani ule ukali unaokausha ulimi, kisha kuchora juu yake kwa tope lililochachushwa lenye chuma. Chuma kikikutana na tanini, weusi huzaliwa ndani ya uzi. Sisi tuna tope lenye chuma, na tanini imejaa kwenye magome ya miti ya wato iliyopandwa tangu Kakamega hadi Uasin Gishu, ambako zamani magome hayo yaliuzwa kwa ajili ya kutengeneza ngozi. Misumari yenye kutu iliyolowekwa katika siki kwa wiki moja, ikichanganywa na chai kali iliyochemka hadi kuwa kama dawa, inatoa wino mweusi unaoandika. Jaribuni nyumbani, lakini kwa kikombe ambacho hakitarudi mezani.

Wale tuliosoma shule za kijijini tunakumbuka nyeusi nyingine: tulivunja betri kuukuu za redio, tukasaga unga uliomo pamoja na makaa, tukapaka ubao. Ubao ulikuwa mweusi kweli kweli. Siku hizi siwaruhusu wanafunzi kufanya hivyo, kwa sababu betri nyingi za zamani zilikuwa na zebaki.

Nimezitaja hizo tatu kwa urefu kwa sababu ndizo zilizokuwa katika nyumba za mama zetu. Mwanamke aliyekandika ukuta huku Magharibi alichanganya udongo na samadi ya ng'ombe, akausiriba, kisha akaumalizia kwa udongo wa rangi, mwekundu chini ambapo mvua hurusha matope, mweupe juu, na mstari mweusi au wa kijivu baina yake. Tukiita hilo umaskini tutakuwa tumekosa ujuzi mkubwa. Samadi ina nyuzi za majani zilizokwisha kutafunwa, nazo huzuia ukuta usipasuke ukauke vipi. Na utomvu wake hushikiza rangi. Mwaka 1998 mchoraji Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, Chris Ofili, alishinda Tuzo ya Turner huko London kwa michoro iliyobandikwa samadi ya tembo, na magazeti ya huko yakapiga kelele kana kwamba jambo hilo halijawahi kuonekana duniani. Shangazi yangu, aliyesiriba nyumba yake kabla ya kila Krismasi, angeuliza tu kwa nini hakutumia ya ng'ombe, ambayo ni laini zaidi.

Sasa vishikizi. Kiini cha yai ni cha kwanza, na ndicho kilichotumika katika michoro ya mbao ya makanisa ya Ulaya kabla mafuta hayajatawala. Tenganisha kiini na ute, kizungushe kwenye kiganja hadi kikauke juu, kitoboe, acha kilichomo kidondoke katika kikombe, kisha ongeza kijiko cha maji. Changanya na unga wa rangi kiasi sawa. Hukauka kwa dakika chache, na kadiri miezi inavyopita huwa kigumu na kuvumilia unyevu. Maziwa ni ya pili. Chuja mala katika kitambaa, osha ile mtindi mzito kwa maji, kamua, kisha koroga na chokaa iliyolowekwa, sehemu moja ya chokaa kwa tano hivi za mtindi. Baada ya muda mfupi mchanganyiko huo huteleza na kunata kama gundi ya seremala, na kwa kweli ndiyo gundi ya seremala wa kale. Maziwa yasiwe na mafuta, la sivyo rangi haitakauka sawasawa. Na chokaa huunguza macho, kwa hiyo watoto wasiikoroge wenyewe. Ya tatu ni gundi ya mgunga, inayotoka katika miti ya nchi kavu huko Turkana, Samburu, Isiolo na Wajir. Rangi za maji zinazouzwa kwa bei kubwa katika vijisanduku hushikizwa na gundi hiyo hiyo. Tunaiuza nje ikiwa vipande, kisha tunainunua ikiwa ndani ya kijisanduku. Iyeyushe katika maji ya uvuguvugu, tia matone ya asali ili isipasukepasuke, na una kishikizi cha rangi ya maji.

Hapa sina budi kuungama kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa na shule moja ya msingi nichore ukuta wa nje wa darasa, nami kwa kiburi cha mtu aliyegundua jambo jana nikaamua kutotumia hata tone la rangi ya duka. Vilima nilivichora kwa udongo wa Samia. Kwa ajili ya jua lililochomoza juu ya vilima, nilisaga manjano kilo nzima, nikayashikiza kwa maziwa na gundi, na lilipokauka liling'aa hata walimu wakatoka nje kulitazama. Ilikuwa wiki ya kwanza ya muhula. Wiki ya nne jua lilikuwa limepauka kama uji. Kufikia siku ya kufunga shule palibaki doa ambalo mtu asiyejua angedhani ni unyevu, na mtoto mmoja akaniuliza, bila ubaya wowote, ni nani aliyelizima. Jua lilikuwa limezimwa na jua. Rangi ya manjano, kama zilivyo rangi nyingi za maua, matunda na viungo, ni kitu cha uhai chenye muundo mwepesi ambao mwanga wa jua huuvunja. Vilima vyangu vipo hadi leo, na ukuta huo umekuwa somo ambalo sikukusudia kulifundisha.

Je, tuache mimea? Hasha. Tuijue tu tabia yake, na tuiimarishe inapowezekana. Hapo ndipo shabu na magadi vinapoingia. Mbegu za parachichi zikichemshwa polepole hutoa maji mekundu ya waridi, na maganda ya vitunguu, ambayo wauzaji wa Kibuye hufurahi ukiwachukulia kwa gunia, hutoa njano iliyokolea kuelekea chungwa. Maji hayo peke yake yanafaa kutilia nguo rangi, lakini hayana unga wa kuchorea. Yeyusha shabu ndani yake yakiwa moto, kisha ongeza magadi kidogo kidogo. Yatatoa povu, kwa hiyo chombo kiwe kikubwa. Povu likitulia utaona unga ukizama chini, kwa sababu alumini iliyomo katika shabu imegeuka kitu kisichoyeyuka na imeifumbata rangi ikashuka nayo. Chuja kwa kitambaa, anika, saga, na maji ya jikoni yamekuwa unga wa mchoraji. Wazee wa Uluhya wanaochuja maji ya jivu la maganda ya maharagwe, ile musherekha ya kulainishia mboga, wana magadi yao ya nyumbani tayari. Unga wa namna hii huvumilia mwanga kuliko maji matupu, ingawa bado mahali pake ni ndani ya kitabu au katika chumba chenye kivuli, kamwe si ukuta wa nje. Chai ya zambarau iliyotolewa na watafiti wa Kericho mwaka 2011 ni mchezo mzuri zaidi: maji yake yakitiwa ndimu hugeuka mekundu ya waridi, yakitiwa magadi huelekea buluu na kijani. Ichoreeni kadi ya siku moja, na msimuuzie mtu mchoro huo.

Buluu ndiyo iliyotushinda sote, na tazameni tena lugha: samawati ni mbingu, kitu kisichoshikika, na buluu yenyewe ni neno la mkopo. Udongo wetu hauitoi. Huko Ulaya ilitoka kwenye jiwe lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan, kwa bei iliyoshindana na dhahabu, hadi chama kimoja cha Ufaransa kilipotangaza mwaka 1824 zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza kwa mikono, na Jean-Baptiste Guimet akaipata. Matokeo ya shindano hilo mnayajua bila kujua kwamba mnayajua, kwa kuwa ndiyo buluu ya kufulia ambayo mama zetu walitia katika maji ya mwisho ya shati jeupe. Haitoki porini, nakubali, lakini ni nafuu, huvumilia chokaa, na ndiyo ninayoitumia kwa ziwa na anga. Mtu akinikosoa kwamba si ya asili, nitampa kikapu akaitafute ya asili.

Neno hilo "asili" linahitaji tahadhari. Kwa karne kadhaa wachoraji wa Ulaya walitumia rangi iliyoitwa kahawia ya maiti, iliyosagwa kutokana na maiti zilizokaushwa za Misri ya kale. Mchoraji Edward Burne-Jones, alipoambiwa mwaka 1881 kwamba jina la rangi hiyo si la utani, aliuchukua mrija wake akauzika bustanini. Na bado duka moja la London liliendelea kuwa nayo hadi karne ya 20. Njano ya Kihindi, kwa mujibu wa barua ya mwaka 1883 iliyopelekwa London na Trailokyanath Mukharji, ilitengenezwa kwa mkojo wa ng'ombe waliolishwa majani ya mwembe na maji tu, na ng'ombe hao walikuwa dhaifu sana. Nyanza ina ng'ombe na ina miembe. Naomba mtu asinukuu hotuba hii kama ruhusa. Utomvu mweupe wa mnyaa, ule ambao Waluo wanauita ojuok, unanata vizuri na unaweza kumpofusha mtoto. Na rangi iliyobanduka katika majengo ya zamani isisagwe upya, kwa maana inaweza kuwa na risasi nyingi kupita kiwango cha sasa cha Kenya, ambacho ni sehemu 90 katika kila sehemu milioni.

Kuna wasanii ambao hawakusaga chochote, na sitawapita kimya. Rosemary Karuga, aliyezaliwa Meru mwaka 1928 na kusomea sanaa Makerere alipokuwa mwanamke wa kwanza katika idara ile, alitengeneza picha zake za uzeeni kwa vipande vya karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga, zilizokatwa na kubandikwa kwa subira ya mshonaji. Rangi zake zote zilitoka kwenye kapu la ununuzi. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1950, hapaki vyungu vyake glazu, ule utando unaong'aa kama kioo. Huvisugua hadi ving'ae na kuuachia moto uamue, ukipata hewa chungu hutoka chekundu, ukinyimwa hewa hutoka cheusi, udongo ukiwa ule ule mmoja. Na gugu maji ambalo limekuwa likitufungia ziwa tangu miaka ya 1990, mashina yake yakichemshwa kwa magadi, yakatwangwa na kutandazwa juu ya wavu, hutoa karatasi ngumu yenye nyuzi inayopenda sana rangi ya yai. Karatasi mliyopewa mlangoni ni hiyo.

Wazazi wameniuliza kabla hatujaanza kama haya yote yatapunguza gharama za vifaa vinavyoagizwa na mtaala wa umilisi. Yatapunguza za rangi. Brashi bado mtanunua, ijapokuwa kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha kimenihudumia katika vijiji ambako duka la vifaa liko mbali.

Nimesema ya kutosha, na bonge la Samia bado ni bonge. Wale mlio sakafuni, sogeeni mbele; mawe ya kusagia yako nyuma ya pazia, manne, na ni mazito, kwa hiyo yabebwe na wawili wawili. Mwalimu aliye karibu na dirisha atufungulie ili vumbi litoke. Mayai haya mawili hayatatosha watu wote, lakini mama anayeuza nje ya geti ameniahidi trei nzima kabla ya saa sita. Ute tutampelekea mama wa chakula jikoni.